Mawese ya harusi ya mama mdogo

Mama yangu mdogo aliolewa Saba Saba ya mwaka 2001, ilikuwa Jumamosi, na mpaka leo watu wa kwetu Ujiji wakianza kuikumbuka ile harusi hakuna anayeongelea gauni wala spika wala pilau, wanaongelea mawese. Mimi nilikuwa likizo ya mwezi wa sita, nasoma sekondari, mama akanipeleka kwa bibi mapema nikasaidie kazi. Nilijua nakwenda kufagia na kuchota maji basi, kumbe bibi alikuwa na mipango yake.

Tarehe ilipangwa na wanaume barazani, wakaona Saba Saba ni sikukuu, watu hawaendi kazini, wageni wa upande wa bwana harusi wanatoka Tabora kwa treni watapata nafasi. Wakaja kumwambia bibi kama taarifa tu. Bibi hakubisha, aliuliza swali moja, mwezi utakuwa wapi? Wakatazamana. Akaanza kuwahesabia kwa vidole, Maulidi yamepita juzi hapa, hiyo tarehe yenu itaangukia Mfungo Saba kumi na nne au kumi na tano, mwezi umejaa pomoni, sasa wageni mtawalisha nini, mwanga?

Kwa asiyejua mambo ya Ziwa Tanganyika, huku kwetu dagaa na migebuka wanavuliwa usiku kwa karabai, samaki wanafuata taa, ndio maana wavuvi wanausubiri usiku wa giza. Mwezi ukishajaa taa haina kazi, mitumbwi inapandishwa mchangani, watu wanashona nyavu na kulala, na ukienda mwaloni Kibirizi asubuhi unakuta samaki wa kubahatisha kwa bei ya kukufukuza. Wanaume wale wote wamezaliwa hapo hapo na hakuna hata mmoja aliyefikiria hilo. Wakasema basi tutachinja. Bibi akasema chinjeni, lakini mgebuka utakuwepo na utapikwa kwa mawese, na mawese nitayatoa mimi.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Shangazi alikuwa ametoka Dar na ndoo mbili za mafuta ya dukani, yale meupe ya kuganda, na alikuwa ameshapiga hesabu zake zote, pilau, nyama, soda, kachumbari. Akasema mama, siku hizi nani anapika mawese kwenye harusi, na kama ni lazima si tununue soko la Mwanga, dumu moja linatosha. Bibi akamjibu kwa upole kabisa, yule wa sokoni anayechanganya mafuta yake na ya mwaka jana mimi simjui, na siwezi kumpa mkwe kitu nisichokijua. Shangazi akanyamaza ila usoni ulikuwa unaona bado anaongea.

Kazi ya kwanza ikawa samaki. Tulinunua migebuka wakati wa giza, wiki ile ile jua lilipopatwa, tarehe 21 Juni. Mtaa mzima uko nje na vipande vya vioo vilivyopakwa masizi wanaangalia jua, mimi niko uani nageuza samaki kwenye chanja maana bibi alisema jua litarudi lenyewe, samaki akiungua harudi. Migebuka wanapasuliwa, wanapakwa chumvi ya Uvinza, wanabanikwa kwa moto mdogo wa kuni, ukiweka moto mkali nje anaungua na ndani anabaki mbichi, siku mbili hizo ananuka. Macho yalivimba kwa moshi. Baadaye wakafungwa kwenye kapu la ukili likaning'inizwa juu ya mafiga, na moshi wa kila siku wa jikoni ukaendelea kuwalinda wenyewe. Hakuna friji nyumba ile na sikumbuki kitu kilichooza.

Halafu ndio chikichi, matunda yenyewe yanayotoa mawese. Bibi alikuwa na michikichi yake michache Mwandiga, ile ya zamani, mirefu, chikichi zake zina kokwa kubwa na nyama nyembamba, siyo hii mifupi ya mbegu mpya ambayo watu wameanza kuipanda kwa fujo tangu Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alipokuja kuisemea mwaka 2018. Ile ya zamani lazima awepo mkwezi. Alikuja mzee mmoja na kamba yake na panga, akapanda huku anaongea na bibi kana kwamba amekaa kwenye kigoda, mikungu ikawa inashuka puu, puu, na sisi tuko mbali maana mkungu una miiba na uzito wake siyo wa kuchezea. Haikuwa mingi. Tukaibeba mpaka Ujiji kwenye pikapu ya jirani.

Mkungu mbichi haupukuchuliki, unakatwakatwa vipande unafunikwa na majani siku kama tatu mpaka chikichi zilegee. Zikilegea ndio wanaitwa majirani. Na kusema kweli hii ndiyo sehemu ninayoikumbuka kwa mapenzi kuliko zote, kina mama wamekaa kwenye mikeka uani, kila mmoja na kipande chake cha mkungu, vidole vyekundu, wanapukuchua na kusema watu. Nilijua mambo ya mtaa mzima siku ile, nani anadaiwa, nani amerudishwa kwao, nani anajifanya mgonjwa ili asichangie sherehe. Bi harusi mwenyewe alikuwa ndani anasingwa na liwa haruhusiwi kutoka, basi anachungulia dirishani anauliza mmesemaje, rudieni hapo, na wanamcheka.

Alfajiri ya siku ya pili bibi akaniamsha kwa kunivuta mguu. Mke mwenzangu, amka, mume wetu hatakula usingizi wako. (Hivo ndivyo alivyokuwa akiniita siku zote, na babu alikuwa ameshafariki zamani, lakini utani hauna matanga.) Pipa lilikuwa limeshatengwa kwenye mafiga makubwa ya mawe, chikichi zinachemka, na zilichemka mpaka jua limepanda. Zikitoka za moto ndio zinaingia kinuni, na hapa panahitaji akili, unatwanga nyama iachie kokwa lakini kokwa lisipasuke. Mchi unaushusha kwa uzito wake wenyewe, husukumi. Mimi nilikuwa nasukuma. Bibi anaona ananinyang'anya, anatwanga kidogo, ananirudishia, hasemi kitu. Tulikuwa watatu tunapokezana na ilipofika adhuhuri mikono yangu ilikuwa haishiki hata kijiko.

Nasema hivi kwa sababu naona siku hizi watu wanaandika sana kuhusu chakula cha zamani, oh chungu, oh kuni, oh mapishi ya bibi, na nikisoma najua kabisa huyu alikuwa anakaa barazani anasubiri kuitwa. Kitamu kilikuwa kitamu, sibishi. Ila kuna mtu alikuwa anatwanga. Na bibi yangu mwenyewe ambaye nyote mngependa kumpiga picha na mchi wake, siku alipoiona mara ya kwanza ile mashine ya pipa ya kuzungusha, watu wanasukuma mti wanazunguka kama ng'ombe, aliiangalia kwa muda mrefu halafu akasema hii ingenikuta na miaka thelathini ningekuwa tajiri. Hakuwa na mapenzi yoyote na kinu. Alichokuwa nacho ni wivu wa kazi yake, hataki mtu aifanye nusunusu.

Ukishatwanga unamimina maji ya moto, unavuruga, unakamua yale makapi kwa mikono, mafuta yanapanda juu na povu lake la rangi ya machungwa, unayaengua na kata taratibu unaweka kwenye sufuria nyingine. Makapi hayatupwi, yakikauka yana mafuta yanawasha moto kuliko mafuta ya taa. Kokwa hazitupwi, zinaanikwa, zitapasuliwa kwa jiwe zitoke mise, na mise zina mafuta yake mengine ya sabuni na ya kupaka watoto. Hata yale maji ya mwisho machafu bibi aliyamwaga pembeni mwa ukuta ambako siafu walikuwa wanapita. Nilikuwa sijawahi kuona jiko ambalo halina taka.

Sasa kile kilichowashangaza watu ni hatua ya mwisho, kuyapika yale mafuta maji yaishe. Mama mmoja jirani alikuwa anachungulia sufuria anasema tayari hayo, epua. Bibi amekaa kwenye kigoda amelipa jiko mgongo. Kweli amelipa mgongo! Anasema bado, yanaongea. Tukanyamaza wote tukasikia, kweli yanatatarika, tata tata tata, maji bado yamo. Tumekaa hapo sijui muda gani, shangazi naye amesogea na simu yake mkononi (alikuwa na simu, mwaka 2001, kila mtu alikuwa akiiangalia hiyo simu), ile tata tata ikawa inapungua, inapungua, halafu kimya, na bibi bado ametupa mgongo akasema haya, epueni kabla hayajaungua. Mawese yakiungua yanapoteza ule wekundu wake na harufu. Yetu yalitoka mekundu yanang'aa, na yalipopoa chini yakaganda rangi ya machungwa, juu mafuta safi. Shangazi akachovya kidole akalamba akaondoka bila neno. Kesho yake nikamkuta anahamishia robo chupa kwenye begi lake.

Nyumba nayo ilitengenezwa siku hizo hizo. Ukuta wa nje ulipakwa chokaa, uani pakakandikwa upya, na vile vitambaa vya kufuma ambavyo mama na dada zake walifuma wakiwa wasichana vikatolewa kwenye sanduku, vikafuliwa, vikatiwa wanga wa muhogo vikasimama, kila kiti na chake, kila meza na chake, redio nayo ikavalishwa. Nyumba nzima inanuka udi na samaki kwa pamoja.

Wageni walishuka stesheni Ijumaa, wazee wa Kinyamwezi wapole wamevaa kanzu. Jumamosi baada ya ndoa kufungwa pilau likatoka, sinia kwa sinia, shangazi anasimamia, pilau lilikuwa zuri sina ubaya nalo. Halafu bibi akaniita jikoni tukaanza kutoa vyungu vyake. Maharage yaliyokesha kwenye makaa na kuungwa mawese na vitunguu tu. Sombe, yaani kisamvu, ya karanga. Migebuka waliolowekwa kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, wakapikwa na nyanya chungu na pilipili nzima isiyopasuliwa, mchuzi mzito mwekundu. Na ugali wa muhogo, ule unaovutika, umefunikwa kwa kawa. Bibi hakupeleka kwa vijana, akasema peleka kwa wazee wa Tabora na uwanawishe vizuri.

Mwanzoni waligusa gusa tu kwa adabu. Mmoja, baba mkubwa wa bwana harusi, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akamega tonge akachovya, akatafuna polepole, akaniuliza, mjukuu wangu, hii mboga ni ya nani? Nikamwambia ni ya bibi. Akasema kamwambie bibi yako nimesema shikamoo, na bibi yangu alikuwa mdogo kwake kwa mbali. Basi hapo ndio wakaanza kula kweli, mikono inagongana, wakalisogeza sinia la pilau pembeni, shangazi anaona. Na katika ule mgongano tonge la mchuzi likamponyoka yule baba mkubwa likatua kifuani kwenye kanzu yake nyeupe, kuanzia kifuani mpaka tumboni, mstari mwekundu.

Mawese kwenye nguo nyeupe hayatoki. Jaribu sabuni gani, jaribu limau, hayatoki. Kila mtu pale alikuwa anajua na watu wakashika vinywa. Mama akakimbia na maji na sabuni, mzee anasema acheni, acheni, wapi. Akaja bibi mwenyewe kutoka jikoni amejifunga khanga, akaiangalia ile kanzu, akasema sasa ndio ndoa imefungwa, shekhe alikuwa ameandika tu kwa kalamu. Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko, na yule mzee alicheka kuliko wote. Akaimaliza hiyo siku akiwa na doa lake kifuani mpaka usiku, kapiga nalo picha zote, ziko kwenye albamu ya mama mdogo mpaka leo, amesimama katikati.

Haikuisha hapo. Mwaka ule ule, kabla ya mfungo, kuna mtu alishuka kwenye treni na dumu tupu la lita tano na barua ya salamu ndefu, imetoka Tabora kwa baba mkubwa, anamsalimu bibi, anawasalimu wote kwa majina, anauliza afya za mpaka mbuzi, na mwishoni kabisa anaomba ajaziwe. Bibi alinyamaza, nikaambiwa mimi niisome barua mara ya pili maana nilikuwa nimeenda kumjulia hali. Akalijaza dumu, akalifunga kwa mfuko wa nailoni yasije yakammwagikia mbebaji, halafu akaniambia nichukue kalamu nimwandikie mkwe bei.

Nikamwambia bibi, si ni mkwe huyu?

Akasema yale ya mwezi wa saba yalikuwa ya harusi. Andika bei, na uandike dumu lirudi.