Chéticamp, kijijini kwa Padri Anselme

Kutoka Halifax, katika jimbo la Nova Scotia nchini Kanada, tulivuka tuta la Canso, rundo refu la mawe lililofunguliwa mwaka 1955 kukiunganisha kisiwa cha Cape Breton na bara, tukashika barabara namba 19 ya magharibi. Mabou ni kwa Waskoti, hata vibao vina Kigaeli. Ukishapita Margaree Harbour majina yanageuka: Aucoin, Chiasson, LeBlanc, Poirier. Hao ni Waakadia, wazao wa Wafaransa ambao Waingereza walianza kuwatimua mwaka 1755.

Hapa Chéticamp ndipo alipozaliwa Anselme Chiasson mwaka 1911, padri wa shirika la Wakapuchini na mwalimu. Mwaka 1942 yeye na Padri Daniel Boudreau walianza kuchapisha nyimbo za wazee. Mwaka 1961 akatoa historia ya kijiji pamoja na mila zake. Baadaye akaandika pia kuhusu mazulia ya kulabu yanayotengenezwa hapa kijijini, na kwangu hilo ndilo linalomtofautisha: wasomi wengi wangeishia kwenye nyimbo.

Ukitafuta mtu, jina la ukoo halikufikishi popote, wanaolichangia ni wengi mno. Taja na baba na babu, kwa mfano Joseph à Paul à Jean, utaelekezwa mlangoni.

Mazulia yako kwenye jumba la Les Trois Pignons, zikiwemo kazi za msanii wa mazulia Elizabeth LeFort. Zamani kinamama walitumia matambara. Miaka ya 1920 msanii Mmarekani, Lillian Burke, akawataka watumie sufu ya rangi tulivu. Gunia hukazwa kwenye fremu ya mbao hadi lilie kama ngoma, mchoro ukiwa tayari juu yake. Mkono wa chini unashika uzi. Wa juu unapenyeza kulabu kwenye tundu na kuvuta kitanzi kifupi, halafu tundu linalofuata. Mistari ya picha hutangulia, mandhari ya nyuma huja baadaye. Ukivisonga vitanzi kupita kiasi, zulia litajikunja likishatolewa kwenye fremu. Ukiviachanisha, gunia litaonekana na uzi utachomoka.

Jambo moja la barabarani: suête, upepo wa kusini-mashariki unaoporomoka kutoka milimani. Upepo huo umewahi kupita kasi ya kilomita 200 kwa saa. Ukisikia umetangazwa na una gari refu au unavuta trela, usiondoke. Egesha nyuma ya jengo imara, usubiri utulie.