Nilivyompata mama asimulie maisha yake (kwa kumdanganya)

Mama yangu alikuwa nesi, kafariki mwaka jana na miaka yake 86. Baba mdogo ananiambia ohh wasifu nusu ukurasa inatosha, alizaliwa, akasoma, akaolewa, akaugua, padri ana misa nyingine. Nusu ukurasa! Mtu kakesha wodini zaidi ya miaka 30. Bahati nzuri mi nilishaanza kukusanya habari zake mapema.

Mwanzoni nilijifanya mtangazaji. Nikaweka simu mezani pale nyumbani Kirumba, nikawasha kurekodi, "mama tueleze maisha yako." Akakaa wima kama anakabidhi zamu: "Nilizaliwa Ukerewe. Nikafanya kazi. Mungu amenisaidia. Haya zima, chaji itaisha." Sekunde 18! Siku nyingine nikaja na maswali kwenye daftari, akachukua rozari, na mama akishashika rozari humwongeleshi mpaka mafumbo yote matano yaishe, hapo wewe ushasinzia.

Dawa niliipata bila kutegemea. Tunachambua dagaa uani, jirani kauliza kitu, nikamjibu kwamba mama alianzia kazi hospitali ya Bugando. Mama akadakia, "Nani kakwambia? Nilianza Sengerema, kwa masista, sindano za vioo tunachemsha wenyewe, Bugando nimeenda 1971 inafunguliwa, rangi bado inanuka!" Nikabaki kimyaa. Kumbe mama hasimulii, mama anasahihisha! Toka siku hiyo nikawa muongo wa makusudi. Eti mama, Bugando si ilikuwa ya serikali toka mwanzo? "Wee! Ya maaskofu. Serikali ikaichukua 1972, ikarudi kwao 1985, mimi niko palepale, bosi anabadilika wodi ile ile." Daftari nilificha chini ya ungo, najifanya naenda chooni kumbe naenda kuandika, akaanza kuniuliza kama tumbo linauma na kunichemshia maji ya chumvi na sukari. Nikanywa, ningefanyaje.

Miaka hakushika kwa namba. Kuna "mwaka wa Papa", hiyo 1990, Yohane Paulo wa Pili alipofika Mwanza, aliomba mwenzie amshikie zamu akaenda kusimama juani na kitenge kipya cha WAWATA, wanawake Wakatoliki. Na kuna "mwaka wa meli", 1996. Hapo mbinu yangu iligoma. Nikasema makusudi MV Bukoba ilizama Juni, najua kabisa ni Mei 21, nikasubiri anirukie. Akanyamaza, akanawa mikono, akachukua rozari. Sikurudia tena, na kwenye wasifu nimeandika mstari mmoja tu.

Jumla zikatoka kurasa nne. Kuchapa na kopi 200 sijui kama elfu themanini hivi, na usimwachie mtu wa steshenari bila kusoma tena kama nilivyofanya mimi kwa haraka za msiba. Nasoma mbele ya jeneza, sauti inatetemeka, nafika, "Mama yetu ALIZAA watoto wasiohesabika wa Mwanza na visiwani..." Watu wakaguna, WAWATA wakaficha nyuso kwenye khanga wanacheka huku wanalia. Bibi mmoja aliyekuwa nesi naye, kainama na fimbo yake kiti cha mbele, akapaza sauti ile ile ya mama kabisa:

"Alizalisha! Na Sengerema hakuanzia wodi ya wazazi, alianzia ya watoto. Nani kakwambia?"