Sado Mbili za Mtama

Nilirudi nyumbani Kongwa kwa likizo ya Desemba, nikiwa mwaka wa pili wa stashahada ya ualimu, na katika daftari langu la saikolojia mlikuwa na piramidi niliyoinakili ubaoni kwa rula. Chini kabisa mkufunzi aliweka mahitaji ya mwili, yaani chakula, maji na usingizi. Juu yake usalama, kisha upendo na kuwa na wenzako, kisha heshima, na kileleni mtu kuutimiza uwezo wake. Alisisitiza kwamba hakuna apandaye ngazi ya pili kabla ya kuikamilisha ya kwanza, nasi tuliikariri hivyo kwa ajili ya mtihani.

Mavuno ya Juni yalikuwa mabaya, na ghalani lilibaki debe moja tu la mtama. Siku ya tatu jirani yetu alifiwa na mumewe. Mama alipima sado mbili za mtama ule, akajitwisha aende msibani. Nilimzuia mlangoni na, kwa majivuno ya msomi mchanga, nikamweleza kuwa tumbo hutangulia na mengine hufuata. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kata yake sawa kichwani, kisha akauliza: “Sasa mwanangu, nisipokwenda leo, mimi nitazikwa na nani?”

Niliporudi chuoni niliitafuta makala yenyewe ya Abraham Maslow, mwanasaikolojia Mmarekani mwenye nadharia ile, iliyochapishwa mwaka 1943. Piramidi haimo. Zaidi ya hayo, mwenyewe ameandika kwamba mpangilio ule si wa kufuatwa kwa ukali hivyo, na kwamba watu wengi huishi wakiwa wametoshelezwa nusunusu katika kila hitaji. Akatoa mfano wa kukadiria tu: asilimia 85 kwa mwili, 70 kwa usalama, 50 kwa upendo, 40 kwa heshima na 10 kwa kujitimiza. Mkufunzi wetu (Mungu amrehemu) alikuwa mkali kuliko mwenye nadharia.

Hata hivyo siamini kwamba mama aliruka ngazi. Kijijini kwetu anayekwenda msibani anaweka akiba, kwa hiyo mtama ule ulikuwa upendo, usalama na chakula cha mwaka mwingine kwa pamoja, na sijui ningeuchora wapi. Miaka mingi baadaye nilimwuliza alikuwa akiwaza nini njiani siku ile. Alisema alikuwa akiwaza kama ile sado yake ingerudishwa, maana ilikuwa mpya.