Miaka Mitatu ya Kusomea Ufinyanzi, na Somo la Maji

Nilipoingia chuoni kusomea ufinyanzi, nilidhani kwamba wiki ya kwanza ningekaa mbele ya gurudumu la kufinyangia. Badala yake tulipewa kila mmoja bonge la udongo na kuambiwa tulikande, tulikate katikati kwa waya, tutazame kama ndani mna vishimo vya hewa, kisha tulikande tena. Tulifanya hivyo kwa siku tano. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba mhadhiri wetu alikuwa akitufundisha mikono yetu kupima maji, kwa kuwa katika kazi hii karibu kila jambo, tangu kufinyanga hadi kuchoma, linategemea ni maji kiasi gani yamebaki ndani ya udongo na yanatoka kwa kasi gani.

Zoezi lililonifungua macho lilikuwa dogo sana. Tulitengeneza vipande bapa, tukachora juu ya kila kimoja mstari wa sentimita 10 kwa ncha ya sindano, kisha tukavianika. Kipande changu kilipokauka, mstari ulikuwa sentimita 9.4, kilipotoka kwenye tanuri kwa mara ya mwisho, ulikuwa 8.9. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini chungu na kifuniko chake hutengenezwa siku moja, kwa udongo ule ule, na kwa nini mkono wa kikombe, ambao ni mwembamba na hukauka upesi, huachana na kikombe ukiachwa wazi upeperushwe na upepo. Vitu viwili vilivyounganishwa vinapaswa kusinyaa pamoja, la sivyo kimoja kitamvuta mwenzake mpaka ufa utokee.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na mfinyanzi huuchukua msemo huo jinsi ulivyo. Mkono huungwa udongo ungali laini. Kitako hupunguzwa unene udongo ukishakaza kidogo. Kung'arisha kwa kokoto hufanywa katika muda mfupi ambapo chombo kimeshika umbo lakini kingali na unyevunyevu, kwani ukiwahi mno kokoto huchimba, na ukichelewa hukwaruza tu. Nilipokuwa nikisoma kuhusu kazi za mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye katika miaka ya 1970 alikwenda Abuja, Nigeria (mji ambao sasa huitwa Suleja), kujifunza kwa wafinyanzi wa huko, nilivutiwa zaidi na jambo hilo la kung'arisha kuliko na umaarufu wake. Vyombo vyake hufinyangwa kwa mkono bila gurudumu, na mng'aro wake hautokani na rangi ya kioo iliyopakwa juu bali na kusuguliwa kwa subira. Vikichomwa penye hewa ya kutosha huwa vyekundu. Vikichomwa tena hewa ikizuiwa, huwa vyeusi. Kwangu mimi hakuna chombo cha gurudumu kinachofikia utulivu ule.

Kosa langu kubwa nililifanya mwaka wa pili, wakati wa masika. Nilikuwa na mtungi wenye kitako kinene, nami nilikuwa nimeuanika siku nne tu. Niliuweka shavuni, kama tulivyofundishwa, nikausikia wa baridi, dalili kwamba maji yalikuwa bado yanatoka. Hata hivyo niliuingiza tanurini kwa sababu tarehe ya kukabidhi kazi ilikuwa imefika. Joto likivuka nyuzi 100, maji yaliyobaki ndani ya udongo hugeuka mvuke na kuhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600, na udongo mnene haumpi mvuke njia. Asubuhi tulipofungua mlango tulikuta mtungi umekuwa vigae, na vigae hivyo vilikuwa vimevunja birika la chai la mwenzangu lililokuwa kwenye rafu ile ile. Alikuwa amelifanyia kazi wiki tatu. Nilimwomba radhi, naye akanisamehe, lakini nilikosa raha kwa muda mrefu.

Likizo iliyofuata nilikwenda Matema, kando ya Ziwa Nyasa, ambako akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe huleta vyungu vyao kwa mtumbwi kuviuza katika soko la Lyulilo. Nilimwamkia mama mmoja shikamoo, akaniitikia marahaba, nikamuuliza husubiri siku ngapi kabla ya kuchoma. Akanijibu, "Siku hazihesabiwi, mwanangu. Tazama upepo, tazama na mvua." Chuoni nilikuwa nimeandika katika daftari siku saba, kana kwamba siku saba za Januari na siku saba za Aprili ni kitu kimoja.

Niliporudi nilimtengenezea mwenzangu birika jingine. Kitako nilikichonga hadi kikawa na unene sawa na kuta, mkono na mdomo nikavifunika kwa plastiki ili visitangulie kukauka, na kila asubuhi kabla ya darasa nililiweka shavuni. Mvua ilikuwa haijakatika. Siku ya 16 halikuwa na baridi tena, nikalipeleka tanurini.