Lumbesa na mizani: ninavyonunua viazi nikiwa Mkristo

Nanunua viazi mviringo vijijini Njombe na kuvishusha Dar es Salaam. Nimelelewa KKKT, kanisa la Kilutheri, kipaimara nimepata huko huko, na nilipoanza kazi hii jambo lililoninyima usingizi lilikuwa lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, linaongezewa kilemba juu, linashonwa kwa kamba, halafu mkulima analipwa gunia moja. Kuli naye analibeba kwa ujira wa gunia moja, uzito wowote liwe nao. Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100, na kila mtu barabarani anajua.

Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliongoja sabato ipite wauze ngano, huku wakipunguza efa, kipimo cha nafaka, na kuongeza shekeli, uzito wa kupimia fedha ya mnunuzi. Ni sisi hasa. Shambani tunakuza kipimo kwa sababu tunanunua, na sokoni kopo la kupimia, sado, linabonyezwa kitako kwa sababu tunauza. Nimesikia mahubiri mengi ya zaka, ya mizani machache mno, na hilo linaniuma, maana wakulima na wachuuzi ndio wanaojaza viti vya makanisa yetu.

Basi nikanunua mizani ya kuning'iniza, nikaipeleka kwa Wakala wa Vipimo ikahakikiwa na kubandikwa stika. Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe mkulima mwenyewe ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote.

"Kamwene, mama. Mimi nanunua kwa kilo, shilingi 550."

"Kwa hiyo gunia 55,000? Mwenzako jana ametaja 70,000, mwanangu. Nenda salama."

Nikamwomba tupime lile aliloshona kwa ajili ya huyo mwenzangu. Vijana wawili wakalitundika kwenye mti wa mkaratusi, mshale ukasimama kwenye 140. Nikamwomba ruhusa nikate kamba, tukapunguza mpaka kilo 100. Viazi vilivyotoka vilikuwa rundo la kujaza madebe mawili na zaidi, vimelala pale kwenye nyasi. Mama akaviangalia, akainama akaokota kimoja, akauliza, "Na hivi alikuwa ananilipa?" Tukapiga hesabu pamoja: 55,000 za gunia, 22,000 za rundo, jumla 77,000. Akamwita jirani yake aje aone.

Tangu hapo sibishani bei na mtu kabla ya kupima. Napima mbele yake, yeye ndiye anayesoma mshale, na mwanafunzi wa pale nyumbani anaandika kwenye daftari lao wenyewe. Daftari langu halitoshi. Mkulima awe na lake.

Upande wa Dar es Salaam ulikuwa na shida nyingine. Dalali aliyatazama magunia yangu bapa akasema hayauziki, wateja wanataka kilemba. Mzigo ulilala, viazi vikaanza kugeuka kijani, na pesa iliyokuwa inakatika ilikuwa ada ya watoto. Nilisali sana siku zile, na sala yangu haikuwa kwamba Mungu anilipe kwa uaminifu wangu. Niliomba nisirudi Njombe na moyo mwingine. Halafu nikaanza kuzunguka kwa miguu kwa wauza chipsi na mama lishe, mmoja mmoja. Wale wanahesabu sahani. Ukimwambia muuza chipsi kwamba kilo ni kilo, anajua atatoa sahani ngapi, na anakulipa bila maneno. Ndio wateja wangu hadi leo, pamoja na shule moja ya bweni.

Faida kwa kilo ni ndogo kuliko ya wenzangu, nalisema wazi ili anayetaka kuanza asidanganyike. Nilichopata ni viazi vizuri: wakulima hawanifichii vidogo na vilivyooza katikati ya gunia, kwani wanajua nao wamepimiwa haki. Wengine bado wanauza lumbesa, hasa mgonjwa akiwa hospitali na mnunuzi wa kwanza kufika ndiye mwenye fedha mkononi. Siwalaumu.

Hiyo ndiyo sababu jumuiya moja huko imeanza kuchanga baada ya ibada ya nyumba kwa nyumba, wanunue mizani yao wenyewe ikae kwa mzee wa kanisa. Mnunuzi yeyote akija, akiwa Mkristo au la, mzigo utapitia pale kwanza. Nimeahidi kuwapeleka kuihakikisha.