Tulivyogawana upya maji ya ndiva: uzoefu wa jumuiya yetu

Kupanda miti ilikuwa kazi nyepesi kuliko zote. Nalitanguliza hili kwa sababu kila ninapowaeleza watu habari ya chemchemi yetu, swali la kwanza huwa tulipanda miche mingapi. Miche tulipanda, na mingi imeshika. Lakini kilichotutoa jasho ni mgawanyo wa maji yenyewe: nani anakinga kwanza, nani anasubiri, na nani halalamiki kwa kuwa amezoea kukosa.

Kijiji chetu kiko milimani, Upare Kusini, wilaya ya Same. Huku maji ya shambani tunayategemea kwa ndiva, mabwawa madogo ya udongo na mawe waliyotuachia wazee. Usiku chemchemi inajaza ndiva, asubuhi inafunguliwa, na mifereji inashusha maji mashambani kwa zamu. Ikiziba au ikivuja, unapigwa mwito wa msaragambo na kila kaya inatoa mtu. Utaratibu huu ulitosha watu walipolima mahindi, maharage na migomba. Tangawizi ilipoanza kuleta fedha, wenye uwezo wakanunua mipira ya maji, wakaitega juu kabisa kwenye jicho la maji, ikashuka moja kwa moja hadi kwenye matuta yao usiku na mchana. Ndiva ikawa haijai. Kina mama wa bondeni wakawa wanaamka gizani kwenda kusubiri ndoo moja.

Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogondogo, kikundi cha sala cha familia jirani za Kikatoliki. Tunasali kwa hatua saba: tunamkaribisha Bwana, tunasoma Neno, tunachagua maneno yaliyotugusa, tunanyamaza, tunashirikishana, tunajadili kazi, tunafunga kwa sala. Hatua ya sita, ile ya kazi, jumuiya nyingi huipita mbio. Atatembelewa mgonjwa, patafagiliwa kanisa, basi. Ni kazi njema na tunaendelea nazo. Ila niliona kwamba mafundisho ya jamii ya Kanisa yanakaa hasa kwenye hatua hiyo, na kama hatuyajadili pale, tutayasikia kwenye mahubiri tu na kuyaacha mlangoni.

Waraka wa Papa Fransisko juu ya kutunza mazingira, Laudato Si', ulitolewa Juni 2015 na una aya 246. Sikuupeleka wote. Niliandika aya chache kwenye daftari kwa Kiswahili chetu cha kila siku, nikawa nasoma moja moja baada ya Injili. Aya ya 49 inadai tusikie kwa pamoja kilio cha dunia na kilio cha maskini. Aya ya 30 inasema kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila binadamu, na kwamba dunia ina deni kubwa kwa maskini wasioyapata. Hapo mama mmoja aliuliza, "Hilo deni, hapa kwetu nani anadaiwa?" Hakuna aliyejibu jioni ile, lakini swali lake likawa ndilo ajenda yetu kwa muda mrefu.

Katekista naye alituletea Ezekieli sura ya 34, pale Mungu anapowagombeza kondoo wanene: hamkuridhika kunywa maji safi, mpaka mkayachafua yaliyobaki kwa miguu yenu? Niliisikiliza aya ya 18 kana kwamba imeandikwa kwa ajili ya mlima wetu.

Wapo walioniambia Kanisa lishughulike na roho, maji yana serikali. Niliwajibu kwamba Papa Leo wa Kumi na Tatu aliandika juu ya haki za wafanyakazi mwaka 1891, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba Mungu aliikusudia dunia na vyote vilivyomo kwa ajili ya watu wote. Papa Fransisko alipofika Kangemi, Nairobi, tarehe 27 Novemba 2015, alisema waziwazi kwamba kuinyima familia maji kwa kisingizio chochote cha kiofisi ni dhuluma kubwa. Aliyasema hayo mbele ya watu wa mtaa wa mabanda, jirani zetu kabisa.

Hatua iliyobadilisha mambo ilikuwa ya miguu. Niliomba jumuiya nzima, wenye mipira na wasio nayo, tupande pamoja hadi chanzo, kisha tushuke tukiyafuata maji mpaka yanapoishia. Juu kule tulikuta mipira imelazwa chini ya nyasi, mingine imeunganishwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyokazwa mpaka vimepasuka, maji yanatoka kwenye viungo na kupotea ardhini. Pembeni mwa jicho udongo ulikuwa umekanyagwa ukawa tope. Mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya nguzo ilikuwa imesogea hadi karibu kabisa na chanzo. Tukashuka. Bondeni tulimkuta bibi ameinama kwenye kidimbwi, anachota kwa kata, anamimina kwenye dumu kupitia kitambaa, anasubiri maji yatulie, anachota tena. Dumu la lita 20. Tulisimama pale mpaka likajaa, na wenye mipira walikuwa pamoja nasi. Hakuna aliyetoa hotuba. Nadhani wengi hawakuwahi kushuka mpaka pale.

Jambo la mjane lilikuja baada ya hapo, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Ndani ya hizo mita alikuwamo mama mmoja mjane mwenye kipande cha magimbi, na hicho ndicho kilichomlisha. Uhifadhi ulipoanza kuzungumzwa kwenye mkutano, pendekezo la kwanza lilikuwa yeye aondoke. Nikasimama. Nikasema sheria ya mita 60 naiunga mkono, tena magimbi yatoke. Lakini sheria ya maji ya mwaka 2009 nayo inataka anayevuta maji ya kumwagilia awe na kibali cha bodi ya maji ya bonde lake, na sisi tuko Bonde la Pangani. Tukianza na jembe la mjane na kuiacha mipira, tutakuwa tumeihifadhi chemchemi kwa ajili ya wenye nacho. Nikaomba mambo mawili yafanyike siku moja: magimbi yahame na mipira ishuke.

Kwa magimbi tulipata njia. Kamati tendaji ya kigango, yaani kanisa letu dogo chini ya parokia, kwa ridhaa ya Paroko, ilimpa mjane sehemu ya shamba la kigango alime bila kukodi, mavuno yote yake. Vijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, walimng'olea vipando na kuvihamisha wakati wa mvua za vuli, ili asikose msimu.

Mipira ilichukua muda zaidi. Sikutaka jambo hili lipelekwe madhabahuni, wala Paroko afanywe askari. Wenye mipira ni ndugu zetu, baadhi yao ndio hutoa kwa moyo kanisa linapokuwa na ujenzi. Nilikwenda majumbani nikiwa na kiongozi wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Tumsifu Yesu Kristo, milele na milele, amina, tukakaribishwa chai. Baba mmoja akaniambia, "Mama Mwenyekiti, tangawizi hii ndiyo inasomesha wanangu. Mnataka niwatoe shule?" Nikamwambia, "Hapana, baba. Tunataka na wale wa chini wasichelewe shule kwa kungoja ndoo." Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza tangawizi itaishije bila mpira. Hilo lilikuwa swali la haki na lilihitaji jibu la shambani. Mkulima mwenzake alikuwa anafunika matuta kwa majani makavu, udongo unabaki na unyevu siku nyingi zaidi, maji yanayohitajika yanapungua. Tukampeleka akaone. Nampa heshima baba yule, kwa sababu ndiye aliyekuja kuwashawishi wenzake.

Makubaliano yetu ni haya. Hakuna mpira juu ya ndiva. Maji ya kunywa yanatangulia: jicho limejengewa na kufunikwa, bomba linateremka hadi kituo cha kuchotea bondeni, na yanayobaki ndiyo yanaingia kwenye ndiva. Mwenye mpira anauunganisha kwenye ndiva, kwa zamu, sawa na mwenye mfereji. Wenye mipira walitoa saruji, wengine tukatoa mchanga, mawe na mikono. Na kamati ya zamu, ambayo zamani ilikuwa ya wanaume watupu, sasa ina kina mama, maana wao ndio wanaojua maji yalifika saa ngapi na yalikatika lini. Hili la mwisho nililishikilia sana na nitaendelea kulishikilia.

Siku ya msaragambo nayo ilihitaji hekima. Wasabato wako Upare Kusini tangu 1903, Jumamosi hawafanyi kazi; Waislamu wana Ijumaa yao; sisi na Walutheri tuna Jumapili. Tukachagua Jumatano. Chemchemi haiulizi dini, na ingekuwa aibu kuanza kazi ya haki kwa kuwafungia wengine nje.

Miti sasa. Tulikata mikaratusi iliyokuwa karibu na chanzo, mbao zake zikauzwa kusaidia ununuzi wa bomba. Mahali pake tulipanda mikuyu kwa vipandikizi, na mringaringa pembeni. Mzee mmoja asiye wa dhehebu letu alituonyesha mahali pa kupanda. Alikumbuka jinsi koo za Wapare zilivyokuwa na mpungi, vijisitu vya ukoo ambavyo hakuna aliyethubutu kukata tawi, na maji yalivyokuwa yakitoka chini yake. Nilimwomba aje atueleze jumuiyani. Akaja, tukamsikiliza baada ya kusoma Mwanzo 2:15, pale mtu anapowekwa bustanini ailime na kuitunza. Kulima na kutunza, yote mawili.

Kipindi cha kuombea uumbaji, tangu tarehe 1 Septemba hadi sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi tarehe 4 Oktoba, kwetu kinaangukia kwenye kiangazi kikali, ndiva zikiwa chini kabisa. Ndicho kipindi tulichochagua kusoma daftari la zamu hadharani, nje ya kanisa: nani alipata maji, nani alirukwa, kiungo gani kinavuja. Mwaka jana kulikuwa na ugomvi, kaya mbili zilikuwa zimerukwa na mhusika akatakiwa kuwarudishia zamu zake. Alirudisha. Mwaka huu tumewaalika wa kijiji cha juu, ambao mipira yao bado iko kwenye kijito kabla hakijatufikia. Wamekubali kuja, na tumewaomba waje na kina mama wao.