Learie Constantine na mpira wake wa polepole

1 Julai

Tarehe kama ya leo, mwaka 1971, mchezaji wa kriketi Learie Constantine alifariki London. Wanaomtaja huanza na ulodi: mwaka 1969 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupewa kiti cha maisha katika Baraza la Malodi la Uingereza. Sawa, lakini watu wa Nelson, mji mdogo wa viwanda vya nguo huko Lancashire, walikuwa wamempenda miaka arobaini kabla ya hapo, na walimpendea mkono wake.

Nelson walimchukua mwaka 1929 kutoka Trinidad. Alicheza misimu tisa. Saba klabu ikatwaa ubingwa, miwili iliyobaki ikashika nafasi ya pili. Katika ligi ile kila klabu iliruhusiwa mchezaji mmoja tu wa kulipwa. Wenzake wote walikuwa watu wa kazi za wiki nzima waliocheza Jumamosi alasiri. Kwa hiyo mrushaji wa kulipwa alitarajiwa kurusha kutoka upande wake wa uwanja tangu mpira ukiwa mpya hadi wiketi ya mwisho (wiketi ni mpigaji kutolewa), halafu apige, halafu adake. Ukirusha kwa kasi yako yote namna hiyo msimu baada ya msimu, mgongo wa chini hukata tamaa kwanza, kisha kifundo cha mguu wa mbele, maana ndio unaobeba uzito wote wa mwili unapotua.

Constantine alifika akiwa mrushaji wa kasi hasa. Mwaka mmoja baadaye, Georgetown, alichukua wiketi 9 West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibi, ilipoishinda England kwa mara ya kwanza katika Test, yaani mechi ndefu ya kimataifa ya siku kadhaa. Lakini Jumamosi za Nelson zilimfundisha kubana nguvu. Alipunguza mwendo, akaongeza hila, na mwaka 1934 aliwatoa wapigaji wote 10 wa klabu ya Accrington kwa mikimbio (pointi) 10 tu.

Silaha niipendayo mimi ni ule mpira wa polepole. Kwa kasi ya kilomita 130 kwa saa, mpira humfikia mpigaji kwa takriban nusu sekunde. Ukishuka hadi 100, anapata kama sekunde 0.65. Tofauti ni ndogo, ila anakuwa ameshaanza kuzungusha gongo, na mpira unapaa juu kwa wadakaji. Namna ya kuurusha: mpira wa kawaida hukaa kwenye ncha za vidole viwili, mshono umesimama katikati, dole gumba chini, na nafasi ikibaki kati ya mpira na kiganja. Wa polepole usukume ndani mpaka uguse kiganja, au tanua vile vidole viwili. Mbio zilezile, mruko uleule, mkono uleule.

Hapo kwenye mkono ndipo wengi wanapoharibu. Akili ikisema polepole, bega nalo hupunguza, na mpigaji mzuri huliona bega kabla hajauona mpira. Kosa la pili ni kuuachia mapema: unafika kiunoni bila kudunda, zawadi tupu. Kosa la tatu, na hili hata wazoefu hulifanya, ni kuurudia mara kwa mara ndani ya ova moja, yaani zamu ya mipira sita ya mrushaji. Mpira huu unaishi kwa kivuli cha ile ya kasi iliyotangulia.

Nje ya uwanja alikuwa mtu wa watu vilevile. Aliishi Nelson hadi 1949. Wakati wa vita aliajiriwa na Wizara ya Kazi kushughulikia maslahi ya mafundi kutoka West Indies waliokuwa Lancashire na Merseyside. Mwaka 1943 hoteli moja ya London ilikataa kumpa siku zote alizokuwa ameagiza, kwa sababu ya rangi yake. Alishitaki, na mwaka uliofuata akashinda. Fidia ilikuwa gini 5 tu (pauni 5 na shilingi 5), ila hukumu ilisikika kote.

Mwaka 1939 aliichezea West Indies katika ziara yake Uingereza, umri 37, wakati mrushaji wa kasi kwa kawaida ameshageuka kocha. Alichukua wiketi 103 katika ziara hiyo. Vijana wa sasa hutaka mpira wa polepole kabla hawajaweza kuangusha mipira sita mahali pamoja. Yeye aliufikia akiwa tayari anaogopwa kwa kasi, ndiyo maana ulidanganya.